Kitabu kipi cha mitandao ya kompyuta kinakufaa: Kurose, Tanenbaum, Peterson, Stevens au Odom?

Kitabu cha kwanza cha mitandao nilichokishika kilikuwa kopi ya Tanenbaum iliyobanwa kwa plastiki, jalada lake limeshapotea. Nilijua kuandika programu kidogo, na nilitaka kuelewa jambo moja: nikiandika anwani ya tovuti kwenye kivinjari, kinatokea nini hadi ukurasa ufunguke? Sura ya pili ikanipeleka kwenye mawimbi, hesabu za Fourier na uwezo wa waya wa shaba kubeba biti. Nikakwama pale kwa wiki nyingi, nikaanza kuamini kwamba fani hii haikuwekwa kwa watu kama mimi. Baadaye, nikiwa tayari kazini, nilikirudia kitabu kilekile nikakipenda sana. Maneno yalikuwa yaleyale. Mimi ndiye niliyekuwa nimekuja na swali la ghorofani, nacho kikaanza kunijibu kutoka kwenye msingi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na kitabu kipi, kwanza namuuliza anataka kujua nini. Programu yake inazungumzaje na seva? Mnara unapelekaje biti hewani? Kwa nini intaneti ilijengwa hivi ilivyo? Kwa nini laini ya ofisini imekwama tangu asubuhi? Au anatafuta cheti ili aitwe kwenye usaili? Maswali hayo matano yana vitabu vitano tofauti, vyote vya kuheshimika. Vingine nimevisoma mwanzo hadi mwisho, vingine kwa sura nilizozihitaji, na hapa navipima kwa vipimo vilevile.

Vipimo

*Mlango wa kuingilia.* Mitandao hufundishwa kwa tabaka. Juu kabisa kuna programu unazozitumia: wavuti, barua pepe, na DNS inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Chini yake ni usafirishaji, yaani TCP na UDP. Kisha tabaka la mtandao, makao ya IP, yaani mpango wa anwani, na ruta, vifaa vinavyoelekeza data njia ya kupita. Kisha kiungo, wanakofanya kazi Ethernet na Wi-Fi. Chini kabisa ni waya, fiba na mawimbi ya redio. Kila kitabu huchagua mlango mmoja, na uchaguzi huo mara nyingi ndio unaoamua kama msomaji atafika sura ya tatu.

*Mzigo wa kuja nao.* Hesabu kiasi gani, programu kiasi gani, na Kiingereza cha uzito gani, maana vyote vitano vimeandikwa kwa Kiingereza.

*Umri.* Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wapo wanaokataa kitabu cha miaka kumi na mitano iliyopita kana kwamba ni maziwa yaliyoganda. Lakini msingi wa intaneti hauzeeki kwa kasi hiyo. IPv4, toleo la nne la IP, inaelezwa na RFC 791 (RFC ni waraka wa kiufundi wa intaneti) ya Septemba 1981, na muundo wa kichwa cha pakiti yake, yaani kifurushi cha data, bado ni uleule kwa sehemu kubwa. ARP, itifaki (kanuni ya mawasiliano) ya kutafuta kadi ya mtandao yenye anwani fulani, ni ya 1982. TCP iliandikwa kwenye RFC 793 mwaka 1981. Agosti 2022 ikaja RFC 9293 kuchukua nafasi yake, ikakusanya masahihisho ya miaka arobaini, na bado salamu za kufungua muunganisho ni SYN, SYN-ACK, ACK. Kitabu cha zamani kitakufundisha hayo yote sawasawa. Kilichobadilika kiko ghorofa za juu: TLS 1.3, inayolinda siri ya mawasiliano, ni ya 2018, QUIC, njia mpya ya usafirishaji inayopita juu ya UDP, ni RFC 9000 ya Mei 2021, na HTTP/3, toleo la tatu la itifaki ya wavuti, ni RFC 9114 ya Juni 2022. Hizo RFC ni nyaraka za wazi na zinasomwa bure, kwa hiyo mwenye toleo la zamani anaweza kuliziba pengo mwenyewe. Cha muhimu ni kujua pengo liko wapi.

*Mazoezi ya mikono.* Je, kitabu kinakufanya uguse pakiti halisi, au kinaishia kwenye maswali ya karatasi?

*Upatikanaji.* Vitabu vipya vya fani hii ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi wa kwetu, na hilo si jambo la kupita juu juu.

Kurose na Ross: Computer Networking: A Top-Down Approach

*Mlango.* Kinaingia kwa juu, kama jina lake linavyosema. Sura ya kwanza inakupa picha nzima, ya pili inaanza na HTTP, barua pepe na DNS, kisha unashuka. Tangu toleo la 7 tabaka la mtandao limegawanywa sura mbili: moja inaeleza ruta inavyosukuma pakiti kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, nyingine inaeleza njia zinavyoamuliwa. Mgawanyo huo umewasaidia wasomaji wengi niliosoma nao, kwa sababu kabla yake mambo hayo mawili yalikuwa yanachanganywa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ya sura ya kwanza kuhusu ucheleweshaji. Wanaugawa mara nne: muda wa ruta kuikagua pakiti, muda wa kungoja kwenye foleni, muda wa kuisukuma pakiti kwenye waya, na muda wa ishara yenyewe kusafiri. Ukiuelewa mgawanyo huo, malalamiko mengi ya intaneti yanapata jina. Mwanga ndani ya fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za fiba, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla ya mtu yeyote kufanya kazi yoyote, na kununua bando la kasi zaidi hakupunguzi hata milisekunde moja ya hizo. Sisi ambao sehemu kubwa ya tunachokisoma hutoka ng'ambo kupitia mikongo ya baharini tunapaswa kuielewa hesabu hii kabla ya nyingine zote.

*Mzigo.* Mwepesi kuliko vingine vya vyuoni. Hesabu ni za kawaida, Kiingereza ni cha kuzungumza.

*Umri.* Toleo la 8, la 2020, lina QUIC na HTTP/3. Matoleo ya mwanzo yalitumia Java kwa mifano ya soketi, yaani mlango ambao programu hupitia kuingia mtandaoni. Toleo la 6 la 2012 likahamia Python. Ukipata la 6 au la 7 kwa bei nzuri, lichukue.

*Mazoezi.* Hapa kinaongoza. Waandishi wameweka bure mtandaoni maabara za Wireshark (programu ya kukamata na kusoma pakiti), video za masomo na slaidi. Maabara hizo zinakuja na faili za pakiti zilizokwisha kukamatwa, hivyo ukizipakua mara moja unaweza kufanya kazi usiku mzima bila bando.

*Upatikanaji.* Kwa kuwa kinatumika vyuo vingi duniani, matoleo yake yaliyotumika si adimu. Kipya ni ghali.

*Kinamfaa nani.* Anayeandika programu, anayejisomea peke yake, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili. Udhaifu wake ni kwamba unaweza kukimaliza bila kuwahi kusanidi ruta hata moja, na mambo ya waya na redio yanapitwa haraka.

Tanenbaum, Feamster na Wetherall: Computer Networks

*Mlango.* Chini kabisa. Ndicho kikongwe kati ya hivi: toleo la kwanza lilitoka 1981, mwaka uleule wa RFC za IP na TCP. Kinapanda kutoka waya hadi kiungo, mtandao, usafirishaji, programu, kisha usalama.

Ile sura ya pili iliyonishinda sasa ndiyo ninayompa kila fundi wa minara ninayemfahamu. Mfano mmoja tu: laini yenye upana wa masafa wa hertz 3,000, ambamo nguvu ya ishara ni mara 1,000 ya nguvu ya kelele, haiwezi kupitisha zaidi ya biti 30,000 hivi kwa sekunde. Hilo ni kanuni ya Shannon, na hakuna ujanja wa kifaa unaoivuka. Ukitaka zaidi, ongeza upana wa masafa au punguza kelele. Anayelenga antena ya redio kutoka paa moja hadi lingine anaishi ndani ya kanuni hiyo kila siku, hata kama hajawahi kuiona imeandikwa.

Pia kina uchambuzi mzuri wa kwa nini mpango wa OSI wenye tabaka saba, pamoja na kuungwa mkono na mashirika makubwa ya viwango, ulishindwa na TCP/IP: wakati mbaya, usanifu mbaya, utekelezaji mbaya na siasa mbaya. Wanafunzi wengi hukariri tabaka saba bila kuambiwa historia hiyo.

*Mzigo.* Mzito mwanzoni. Ukifika na logarithimu na fizikia ya kidato cha nne bado zikiwa kichwani utapumua. Kiingereza chake kina visa vingi na misemo, jambo linalowapendeza wengine na kuwachosha wengine.

*Umri.* Toleo la 6 lina hakimiliki ya 2021. La 5 ni la 2010, kwa hiyo halina TLS 1.3 wala QUIC, ingawa sura zake za chini bado zina afya.

*Mazoezi.* Maswali mengi ya karatasi, mengine magumu kwelikweli. Maabara utajitafutia.

*Upatikanaji.* Kipya ni ghali, lakini kimeingia vyuoni kwa vizazi kadhaa. Ulizia maktaba ya chuo kabla ya kununua.

*Kinamfaa nani.* Mhandisi wa mawasiliano, fundi wa redio na fiba, na yeyote asiyeridhika mpaka ajue biti inapitaje.

Peterson na Davie: Computer Networks: A Systems Approach

*Mlango.* Kinaingia kwa swali la ujenzi: ungepewa kazi ya kujenga mtandao tangu mwanzo, ungehitaji nini? Kila sura inafungua kwa tatizo, kisha inajenga jibu. Kinapita kwenye viungo vya moja kwa moja, kuunganisha mitandao, itifaki za mwisho hadi mwisho, kisha kinaupa msongamano sura yake peke yake.

Sura hiyo ya msongamano inastahili safari. Oktoba 1986 intaneti ilipigwa na tatizo ambalo mtafiti Van Jacobson aliliandika baadaye: kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, umbali wa yadi 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta ilipoona jibu halirudi ilituma tena, na kutuma tena kukazidi kuijaza njia. Ni kama daladala zote kuingia makutano kwa pamoja kwa sababu kila dereva ana haraka. Dawa iliyotokana na hapo, kila mtumaji kupunguza kasi mwenyewe anapoona dalili za foleni, ndiyo iliyoifanya intaneti iendelee kusimama. Larry Peterson alishiriki kubuni TCP Vegas, njia ya kuihisi foleni kabla pakiti hazijaanza kupotea, kwa hiyo anaposimulia haya anasimulia kazi aliyoifanya.

*Mzigo.* Wa kati kwenda mzito. Hesabu si nyingi, ila kinadhani umezoea kusoma programu za lugha ya C, na maelezo yake yameshindiliwa. Aya moja ya humu inaweza kuwa kurasa mbili za Kurose.

*Umri.* Toleo la 6 linahifadhiwa mtandaoni na waandishi wenyewe, pamoja na chanzo chake.

*Mazoezi.* Hakiji na mfululizo wa maabara za Wireshark kama za Kurose.

*Upatikanaji.* Hapa nitanyanyua sauti. Kitabu hiki kizima kinasomwa bure mtandaoni, kwa leseni ya CC BY 4.0. Maana yake unaruhusiwa kukipakua, kukichapa, kutoa kopi za darasa zima, na hata kukitafsiri kwa Kiswahili, mradi uwataje waandishi. Mwalimu wa chuo cha ufundi Tabora au Kakamega anaweza kuchapa sura ya tatu na kuwagawia wanafunzi wake arobaini bila kumwibia mtu. Na siku kundi la wahandisi wetu likikaa kuandaa kitabu cha mitandao cha Kiswahili, msingi wa kuanzia upo tayari na mlango uko wazi kisheria. Kipo pia kitabu cha bure cha Peter Dordal wa Loyola University Chicago, An Introduction to Computer Networks, chenye maelezo marefu zaidi ya TCP, kwa anayetaka cha kulinganisha.

*Kinamfaa nani.* Mwanafunzi wa mwaka wa tatu kuendelea, mhandisi wa programu anayejenga mifumo mikubwa, mwalimu, na yeyote ambaye bajeti yake ni sifuri.

Stevens na Fall: TCP/IP Illustrated, juzuu ya 1

*Mlango.* Pakiti yenyewe. W. Richard Stevens alizaliwa 1951 Luanshya, mji wa migodi ya shaba ulio leo nchini Zambia, na alifariki 1999. Njia yake ilikuwa rahisi na ngumu kwa pamoja: usiseme itifaki inafanya jambo, ionyeshe ikilifanya. Kila dai linafuatwa na pakiti zilizokamatwa waziwazi, mstari kwa mstari, na saa yake.

Nitaeleza siku kilipolipa gharama yake. Ofisi moja niliyokuwa naihudumia ilibadilisha laini. Kila jaribio la ping, la kuuliza kama kompyuta ya mbali inajibu, lilipita, kurasa nyepesi zilifunguka, lakini kutuma faili kubwa kulikwama palepale kila mara. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha swichi, tukapiga simu. Jibu lilikuwa kwenye sura zinazoeleza ICMP, itifaki ya kupeleka taarifa za makosa, na ukubwa wa pakiti. Ethernet hubeba baiti 1,500, lakini laini mpya ilikuwa ya PPPoE, njia ya kumuunganisha mteja na mtoa huduma, ambayo baiti 8 huliwa na vichwa vyake, zikabaki 1,492. Pakiti kubwa ikifika pale ikiwa imekatazwa kugawanywa, ruta huitupa na kumpelekea mtumaji ujumbe wa ICMP kwamba ni kubwa mno, apunguze. Mtu alikuwa ameweka faiwoli inayozuia ICMP yote isipokuwa ping, kwa kudhani ni usalama. Ujumbe haukufika, mtumaji hakujua, naye akaendelea kutuma pakiti ileile isiyopita. Tuliruhusu aina hiyo moja ya ujumbe, faili zikaenda.

*Mzigo.* Hesabu kidogo, uvumilivu mwingi. Ni kurasa zaidi ya 1,000 na si kitabu cha kusoma kitandani.

*Umri.* Toleo la kwanza lilitoka miaka ya mwanzo ya 1990. La pili, alilolifanyia kazi Kevin Fall, ni la 2011. La pili limeongeza IPv6, DHCP (kugawa anwani), NAT (kubadilisha anwani njiani) na usalama, lakini limeacha itifaki nyingi za programu zilizokuwa kwenye la kwanza. Wavuti ya kisasa usiitafute humu. Sura za TCP, kuanzia kufungua muunganisho hadi msongamano, bado sijaona za kuzizidi.

*Mazoezi.* Kitabu kizima ni zoezi, mradi nawe ufungue Wireshark au tcpdump na kurudia anachokionyesha.

*Upatikanaji.* Ghali, na nakala zilizotumika ni chache kuliko za Kurose. Kwa kampuni au idara, nakala moja ya pamoja inatosha.

*Kinamfaa nani.* Aliyekwisha soma kimojawapo cha vilivyotangulia na sasa anatatua matatizo kwa mshahara. Kwa anayeanza kitamzamisha.

Odom: CCNA 200-301 Official Cert Guide

*Mlango.* Chumba cha vifaa. Swichi, VLAN (kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa), sabneti (vipande vya mtandao), ruta, OSPF (itifaki ya ruta kutafuta njia), orodha za ruhusa (zinazoamua pakiti ipi ipite), Wi-Fi. Ni juzuu mbili za Wendell Odom za kujiandaa na mtihani wa CCNA, cheti cha Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao.

Vitabu vya vyuo huieleza sabneti kwa kurasa chache na kuendelea. Odom anakufanyisha mpaka vidole vijue: 192.168.10.0/26 ina anwani 64, za vifaa ni 62, na sabneti inayofuata inaanzia .64. Anayeanza kazi ya mitandao huulizwa hilo kwenye usaili, tena bila kikokotoo.

*Mzigo.* Mwepesi kuliko vyote kuingia. Kila sura inaanza na maswali mafupi ya kujipima, ukiyaweza unaruhusiwa kuruka.

*Umri.* Mtihani wa 200-301 ulianza Februari 24, 2020, na toleo la pili la vitabu ni la 2024. Kwa kitabu hiki umri una uzito kuliko kwa vingine vyote, kwa sababu mada za mtihani hurekebishwa. Usinunue cha mtihani uliokwisha kufutwa ukidhani umeokoa pesa. Cheti chenyewe hudumu miaka mitatu.

*Mazoezi.* Mengi. Packet Tracer, programu ya kuigiza ruta na swichi, hupatikana bure kupitia Cisco Networking Academy, na inaenda vizuri hata kwenye kompyuta ya kawaida.

*Upatikanaji.* Ni juzuu mbili, kwa hiyo jumlisha bei mbili, na juu yake ada ya mtihani.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka ajira ya mitandao mapema. Matangazo mengi ya kazi hizi huku kwetu hutaja CCNA kwa jina. Tahadhari yangu ni kwamba amri zake ni za Cisco, wakati watoa huduma wengi wadogo Afrika Mashariki wanatumia vifaa vya MikroTik, kampuni nyingine. Dhana za OSPF au VLAN zitahama nawe, amri hazitahama.

Mada moja, vitabu vitano: pakiti ikipotea

Njia nzuri ya kuonja tofauti ni kusoma mada ileile kote. Chukua pakiti iliyopotea njiani.

Kurose anakujengea itifaki hatua kwa hatua. Anaanza na njia isiyopoteza wala kuharibu kitu. Mtumaji anatuma tu. Kisha biti zinaharibika, kwa hiyo mpokeaji anahitaji namna ya kusema "nimepata" au "rudia". Kisha jibu lenyewe linaharibika, kwa hiyo zinahitajika namba za mfuatano. Mwisho pakiti inapotea kabisa, kwa hiyo inahitajika saa. Unapofika TCP, viungo vyake vyote unavifahamu kwa majina.

Tanenbaum anapita karibu njia hiyohiyo, lakini mapema, kwenye tabaka la kiungo, na itifaki zake zimeandikwa kwa lugha ya C. Anayependa kusoma programu ataelewa kwa haraka zaidi hapa. Asiyeijua C ataona ukuta.

Peterson anauliza kazi hii ni ya nani. Kila kiungo njiani kihakikishe, au kompyuta mbili za mwisho zijihakikishie zenyewe? Jibu la swali hilo ndilo lililoifanya intaneti iwe na kati nyepesi na ncha zenye akili, na kwa maoni yangu hakuna kurasa za ualimu bora zaidi katika vitabu vyote vitano.

Stevens anachomoa waya. Katika toleo la kwanza anafungua muunganisho, anatuma data kidogo kuhakikisha mambo ni shwari, anautenga upande mmoja na mtandao, anatuma tena, kisha anakaa kuangalia TCP inarudia baada ya muda gani, na muda huo unavyoongezeka maradufu kila inaposhindwa.

Odom anakuambia kwa kifupi kwamba TCP hurudia kilichopotea, anakufundisha namba za poti, zinazoonyesha data ni ya programu ipi, kisha anaenda kwenye orodha za ruhusa ambako namba hizo utazihitaji.

Kwa hali yako

Kama unaandika programu za simu au wavuti na hujawahi kusoma mitandao, anza na Kurose, sura ya 1 hadi ya 3, pamoja na maabara za HTTP, DNS na TCP. Ukiishia hapo tayari umepata faida.

Kama wewe ni mwanafunzi na mhadhiri ameshachagua kitabu, kisome hicho, maana ndicho kitakachotungiwa mtihani. Kikianzia chini na ukakwama kama nilivyokwama, usikitupe. Ruka hadi tabaka la programu, shuka taratibu, kisha urudi kwenye mawimbi ukiwa na sababu ya kuyataka.

Kama kazi yako ni minara, redio au fiba, Tanenbaum kwa sura za chini, na Odom juzuu ya 1 kwa sababu kila mnara siku hizi unaishia kwenye swichi.

Kama huna pesa ya kitabu, Peterson na Davie ndicho kitabu chako, na maabara za Kurose ziweke pembeni yake. Vyote viwili ni bure kwa ridhaa ya waandishi wenyewe, na kwa pamoja vinatosha kwa muhula mzima. Kiingereza cha Peterson kikikuzidi, soma kwanza slaidi au tazama video ya Kurose ya mada hiyo, ndipo urudi.

Kama unahitaji ajira ndani ya mwaka, Odom na Packet Tracer. Ukishaajiriwa, jipe miezi sita usome Kurose au Peterson, kwa sababu maswali ya "kwa nini" yatakuja na Odom hayajibu mengi.

Kama tayari unaitwa usiku laini ikikata, nunueni Stevens toleo la pili kwa fedha ya idara, mkiweke karibu na kabati la swichi. Soma sura za ICMP na TCP kwanza.

Na kama mko marafiki wanne mnaotaka kuchangia kitabu kimoja, kabla ya kutoa pesa someni kila mmoja kurasa kumi za DNS kutoka kwenye vitabu viwili tofauti, cha maktaba au kilicho wazi mtandaoni. Kisha kila mtu awaelezee wenzake kwa Kiswahili, bila kuangalia, jina la tovuti linavyogeuka kuwa anwani. Kitabu kilichowawezesha wengi kueleza ndicho mchangie.